Aliyelifua Jambia

Ilikuwa siku ya tatu Twalibu anahangaika na mistari minne, na mistari yenyewe imegoma. Miaka arobaini amekaa Kanyenye, mjini Tabora, akinoa visu na kutia mipini, amegombana na wauza nyama wa kila tabia, leo anashindwa na kikaratasi cha ukubwa wa kiganja. Alikichana cha nne, akakitupa chini.

Aliyemtia kwenye balaa hilo ni Najiat, mjukuu wa dada yake Mwanajuma. Binti huyo alikuwa akisaidia kuandaa chumba cha maonyesho ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda Ujiji, na akaomba jambia la ukoo liwekwe kwenye kabati la kioo. Kando yake kingekaa kibao: jina la silaha, maana ya jina, lilikotoka, na nani aliyeitengeneza. Kwa kuwa babu Twalibu ndiye fundi wa visu, aandike yeye. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi.

Jina halikumsumbua. Jambia ni neno la Kiarabu, limezaliwa na neno lenye maana ya ubavu, kwa sababu kisu hicho kifupi kilichopinda kilikuwa cha kuvaliwa ubavuni. Maharusi wa ukoo wao hulichomeka mbele ya tumbo ili litokee vizuri kwenye picha, lakini hilo ni lao.

Kazi ilikuwa mbele ya hapo. Ukoo mzima ulikuwa umejijengea hesabu yake: neno la Kiarabu, basi jambia limetoka Maskati, jambia limetoka Maskati, basi na babu yao mzee Majidi, aliyelivaa maisha yake yote, alitoka Maskati. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini neno lisisafiri peke yake. Kwa hesabu hiyo wameposa na kuposwa, wamechagua na kukataa watu. Twalibu mwenyewe alioa akiwa na jambia lile kiunoni, na siku hiyo alitembea kidevu juu kama mwenye mji.

Wiki mbili nyuma Mwanajuma alilitoa sandukuni, akampa alisafishe kwa ajili ya maonyesho. Mpini ulikuwa unacheza. Twalibu akaufungua, akakuta ndani yake mkia mrefu uliochongoka, ule unaopenyezwa kwenye mti wa jembe la Kinyamwezi, jembe lililofuliwa kwa mkono zamani wahunzi walipokuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe. Karibu na mkia palikuwa na mikato mitatu ya patasi, alama ya mhunzi. Alikaa nalo mapajani mpaka chai yake ikapoa. Hakuna Mwarabu aliyelivusha lile baharini.

Akaenda kuulizia alama hiyo upande wa Ulyankulu, kwa jamaa ambao ukoo wa mjini uliwaita watu wa shamba na kuwapelekea habari za misiba tu. Huko alimkuta bibi Josepha, Mkatoliki, mkulima wa mahindi, umri wake na wa Mwanajuma haupishani sana. Josepha hakubabaika. Alimtolea jembe kuukuu lililoliwa na kutu, lenye mikato mitatu ileile, akamwambia kwamba ni la mhunzi Mihambo, kaka wa babu yake. Mihambo aliondoka na msafara amebeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, akarudi Mwislamu, anaitwa Majidi. Aliyaona majambia viunoni mwa wakubwa wa misafara, akachukua jembe alilolifua mwenyewe, akalirudisha motoni, akalipinda. Akahamia mjini nalo. Kijijini hakurudi tena.

Twalibu alifurahi mpaka macho yakamlowa. Kumbe yeye na nyundo yake walikuwa na asili. Alimwahidi Josepha kwamba jina la Mihambo litaandikwa mahali pa wazi, na yeye mwenyewe aje alione. Josepha akasema atakuja.

Basi Alhamisi hiyo akaacha makaratasi, akaenda Mtendeni kwa dada yake. Mwanajuma alikuwa barazani na ungo wa mchele. Twalibu akamwamkia, akaketi, akaeleza yote tangu mkia wa jembe hadi mikato mitatu. Alijiandaa kwa ubishi, alijiandaa hata kwa kilio.

"Najua," Mwanajuma akasema, akiendelea kuchambua mchele.

Twalibu alidhani hakusikia vizuri.

"Najua tangu nina miaka kumi na miwili. Mimi ndiye niliyekuwa namnywesha babu uji alipolala kitandani mwisho wake, wewe hujazaliwa. Akaniambia, wakikuuliza nimetoka wapi, sema Maskati. Nikamwambia, lakini babu, mbona bibi anakuita Mihambo? Akanipiga kofi. Kikombe hawezi kushika, lakini kofi lile lilinifika."

"Alikuwa anaona haya ya nini, dada? Ya jembe?"

"Kamuulize yeye."

Wosia ni wosia, akasema Mwanajuma. Kama Twalibu anataka kuandika jina hilo, jambia linarudi sandukuni leo hii, na Najiat akawaeleze wakubwa zake kwa nini kabati liko tupu. Kuhusu Maskati, hamlazimishi. Aandike analotaka, ila Mihambo asiandikwe.

Twalibu alirudi kwa miguu, hasira zimemjaa kifuani na hana pa kuzipeleka. Kumkasirikia dada hakukumtosha. Aliyemfuta Mihambo ni Mihambo, na ugomvi na maiti hauna baraza wala msuluhishi. Mtu mwenye mikono ile, aliyeweza kugeuza jembe likawa jambia hata mji mzima usitambue, amekufa akiwasihi watu wasijue kuwa ni yeye. Twalibu alimtukana kimoyomoyo, kisha akaona vibaya, akamwombea rehema, kisha akamtukana tena.

Ijumaa jioni Najiat alikuja kuchukua maneno. Alikuta mistari mitatu tu, wa aliyelitengeneza haujaandikwa. Wa jina na wa ubavu ilikuwa safi, wa lilikotoka ulisema Tabora, na hilo Twalibu alisema halitoki hata wamkate mkono. Najiat akasema kibao hakiwezi kuwa na nafasi tupu. Twalibu akachukua kalamu, akaandika neno moja, akamsukumia karatasi.

Jumamosi watu walikuwa wengi. Josepha aliingia na kitenge kipya, amepanda pikipiki tangu alfajiri. Mwanajuma alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, wakaamkiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Twalibu akamshika Josepha mkono, akampeleka kwenye kabati. Josepha alilitazama jambia muda mrefu.

"Mimi sikusoma," akasema. "Nisomee pale ulipomwandika."

Twalibu akakohoa. Akasoma jina, akasoma ubavu, akasoma Tabora. Kisha akapaza sauti ili ifike hadi mlangoni.

"Limefuliwa na mhunzi Mihambo."

Mwanajuma hakugeuka. Josepha alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nyuma yao bwana mmoja mstaarabu, mwenye miwani, aliyekuwa akisoma kila kibao neno kwa neno, akainama kwa adabu ili asaidie.

"Samahani mzee, labda hukuona vizuri. Hapo pameandikwa kwamba aliyelitengeneza hajulikani."

Josepha akauachia mkono wa Twalibu.

"Nani kaandika hivyo?"

Twalibu alitazama kioo, akatazama mlango, akakosa pa kupita.

"Mimi," akasema.