Kibao cha Baba, Kibao cha Mama

Kila mwanzo wa mwaka uvuvi hufungwa Ziwa Mweru ili samaki wazae, na pale Kabuta wavuvi hugeuka wasukaji wa nyavu. Kalaba alikaa uani na wavu mpya: fundo, kibao, fundo, kibao, kipande cha ubao kikimpimia ukubwa wa kila jicho la wavu. Ndani ya nyumba mkewe Pierrette alikunja nguo za mtoto. Kesho yake mtumbwi ungemvusha yeye pamoja na binti yao Plamedie hadi Pweto, Kongo, kwa wazazi wake. Kalaba alikuwa ametamka mara moja tu: ugonjwa wa mtoto ulitoka ng'ambo, kwa kina mama yake, basi ng'ambo wautoe.

Débora, mdogo wake Pierrette, mwanafunzi wa sekondari, alimpakata Plamedie pale uani. Mikono ya mtoto ilikuwa imevimba tena. Hospitali ilishautaja ugonjwa wake, selimundu, ugonjwa wa damu, ikampa vidonge. Lakini ng'ambo babu yake hakuamini vidonge. Angemfungisha kula na kumwombea. Débora alijua mtoto asingestahimili.

"Shemeji," akaanza, "mwalimu alisema mwili ya mutu iko sawa kambi mingi za bavuvi. Kila kambi ni seli, kadogo, jicho haione. Iko na lupango, uzio ya matete, na mulango yenye kuchagua nani aingie. Iko moto ya kukausha samaki. Kule nguvu inatoka. Iko bamama benye kufunga mizigo mu vitunga."

"Na bukari anapika nani, mulamu?" Kalaba akacheka kidogo, akimtania shemeji yake juu ya ugali.

"Sikia kwanza. Katikati iko nyumba ya mukubwa wa kambi. Mule kibao kinatundikwa. Basukaji bote banafuata kile."

"Kibao ikikosea?"

"Wavu yote inakosea. Hata musukaji akuwe fundi."

Kalaba alilijua hilo. Aliwahi kuchonga kibao kwa kufuatisha cha zamani kilicholiwa na uzi ukingoni. Wavu mzima aliousuka Pierrette ukatoka na macho membamba, naye akamgombeza Pierrette siku nyingi kwamba anavuta uzi mno, kabla ya kukitazama kibao.

"Damu ya Plamedie," Débora akaendelea taratibu, "inasukwa na kibao yenye kukosea. Inajipinda sawa mundu, inakwama mu mishipa, sawa mitumbwi mu matete. Njo sababu ya maumivu."

"Nilisema. Kibao ya mama yake."

"Hapana, shemeji. Mutoto anapata mbili. Moja ya mama, moja ya baba. Moja ikiwa muzuri, kazi inaenda. Yeye alipata mbili yenye kukosea."

Sindano ya kusukia ikasimama mkononi mwa Kalaba. "Unasema mimi?"

"Wewe na yaya yangu Pierrette. Bila kujua."

"Mimi sijagonjwaka hata siku moja!"

"Sababu uko na ingine muzuri. Yaya vile vile."

Kalaba akautupa wavu. "Basi wavu yenye macho mubaya inachomwa," akasema, kama mvuvi yeyote angesema.

Plamedie akainua kichwa kumtazama baba yake. "Tata, na mimi mutanichoma?"

Pierrette alikuwa mlangoni, gauni dogo mkononi. Débora alitamani kuyarudisha yote mdomoni, matete na moto na kibao. Mwalimu hakuwaambia kwamba mfano ukishatoka hushika njia yake.

"Hapana, mama," Kalaba akamwambia binti yake. "Mutu si wavu." Akaishika ile mikono iliyovimba, akamwuliza Débora bila kugeuka: "Vidonge vinatengeneza kibao?"

"Hapana. Vinasaidia mitumbwi isikwame sana."

"Sana," akarudia.

Kwa Débora uongo ungekuwa rahisi, na angeutaka mwenyewe.

"Pierrette, rudisha nguo mu sanduku. Kesho tunaenda hospitali. Bapime na damu yangu."

Pierrette alikaa chini pale pale kizingitini, akajifunika uso kwa lile gauni.

Asubuhi mtumbwi uliondoka bila wao. Kalaba alileta baiskeli aliyozoea kubebea samaki, akatoa chini ya kitanda wavu ule wa macho membamba, ambao wote walidhani alikwisha kuuchoma. Akaukunja mara nyingi, akaufunga juu ya kariya, nyuma ya kiti, uwe laini, akamketisha Plamedie, akaanza kusukuma kuelekea hospitali ya Nchelenge. Pierrette alitembea upande wa pili, mkono wake mgongoni mwa mtoto.