Nyota Kabla ya Namba

Mama Pacha, fundi wa simu, aliitwa kuandaa mafaili ya simu tatu mpya za uhasibu. Simu hizi za mtandao hazizaliwi na akili. Ukiichomeka waya, inakimbilia kompyuta kuu kusoma faili lake, na humo ndimo inapoambiwa namba yake, jina lake na tabia zake. Kazi ya asubuhi moja. Lakini hata mkoba hajaufungua, mkurugenzi akamvuta chemba na kumnong'oneza kwamba kuna mtu anasikiliza maongezi yake. Juzi alizungumza na kaka yake ofisini humo kuhusu kupunguza watu. Kufika mchana ghala zima la kampuni linajua. Anamshuku dada wa mapokezi.

"Nitafutie ushahidi kwenye hayo mafaili. Nikiupata, leo hii anakwenda kwao."

Mama Pacha aliitikia tu. Dada wa mapokezi alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, na mkurugenzi hakuwa na habari. Ubaya ni kwamba hata yeye alimshuku. Tangu utotoni, kumpa binti yule siri ilikuwa kuteka maji kwa chekeche.

Alimkuta mapokezi akipanga kalamu zilizokwisha kupangwa.

"Usiniangalie hivyo, dada. Sijala cha mtu."

"Habari za kupunguza watu ulizipata wapi?"

"Ghalani. Tena mimi nilikuwa wa mwisho kujua, na hilo ndilo lililoniuma."

Mama Pacha hakumwamini, wala hakumkatalia. Akaingia chumba cha kompyuta kuu, akafungua faili la simu ya mapokezi. Safi. La mkurugenzi, safi. Akafungua faili la pamoja, ambalo kila simu hulisoma kwanza kabla ya la kwake, na humo akakuta mstari alioufahamu: simu yoyote ikipigiwa kwa kutanguliza kitufe cha nyota, ipokee yenyewe bila kuita.

Mstari huo aliuandika yeye, lakini kwenye faili la ghala peke yake, kwa sababu makuli mikono yao imejaa mizigo. Kuna aliyeunakili huku. Neno la siri la kompyuta ile walilijua wawili, yeye na mkurugenzi.

Kumbe mkurugenzi alitaka kutega sikio kwenye meza ya mapokezi, akakosea faili, akatega ofisi nzima na yeye mwenyewe ndani yake. Na watu wa ghala, kwa mazoea yao, hutanguliza nyota kwa kila namba. Juzi mmoja alimtafuta mkurugenzi, akakutana na maongezi yale ya kupunguza watu.

Mama Pacha akienda kumweleza mkurugenzi peke yake, mstari utafutwa na lawama itamwangukia yeye fundi. Kwa hiyo alimwita mhasibu, shangazi yake mkurugenzi, mama ambaye mkurugenzi humwogopa kuliko mkaguzi wa kodi. Akamwomba wakajaribu simu pamoja pale mapokezi. Akabonyeza nyota, kisha namba ya mkurugenzi, akaweka sauti wazi.

Mkurugenzi alikuwa akiongea na kaka yake kwa simu ya mkononi.

"Fundi akikosa kitu nitabuni. Nimemsikiliza huyu binti wiki nzima, anazungumzia nywele tu. Lakini leo anakwenda kwao."

Mdogo mtu alijishika kichwa, palepale penye misuko. Shangazi akainamia simu.

"Anakwenda kwao nani, mwanangu?"

Kisha mlango wa mkurugenzi ukafunguka, akatoka akitafuta pa kuweka mikono. Shangazi alimwelekeza arudi ndani, akamfuata, akafunga mlango. Aliporudi alisema neno moja tu kwa dada wa mapokezi: aendelee na kazi.

Mama Pacha aliufuta mstari, akabadilisha neno la siri, akamaliza simu zake tatu. Wakati wa kutoka alimkuta mdogo wake anaifunika simu ya mapokezi kwa sweta aliyoikunja mara mbili.

"Mstari nimeshaufuta."

"Najua, dada. Lakini acha ilale."