Habari za Mama

Kila Jumanne Mukandekezi alivaa kitenge chake kisafi, akatoka mtaa wao wa Gitega, Kigali, kwenda parokiani kumwona Jovia. Na kila Jumanne dada yake, Gahongayire, alibaki akisonga ugali kwa hasira, kana kwamba sufuria ndiyo iliyomkosea.

Ilikuwa Novemba 1994. Gahongayire alikuwa amerudi kutoka Karagwe, Tanzania, miezi michache tu iliyopita. Alivushwa mpaka wa nchi mwaka 1973, mtoto mdogo mgongoni mwa shangazi yake. Mama yao alibaki Kigali na mimba ya Mukandekezi, akiahidi kuwafuata. Hakufuata. Mtoto mmoja akapata mama, mwingine akapata salamu.

Sasa mama ameuawa katika mauaji ya mwaka ule, na Mukandekezi peke yake ndiye aliyejua alivyokufa na mahali alipolala. Gahongayire alimwuliza mara nyingi. Mdogo wake alitoa maneno mawili matatu, machozi yakamzidi. Hapo Gahongayire, mtu wa sala, alimshika kichwa na kumwombea mpaka anyamaze. "Ihangane, mdogo wangu," alimwambia, yaani vumilia. "Bwana anajua yote."

Ndipo akatokea Jovia. Alikulia Uganda, akasomea huko kazi ya kuwasikiliza watu walioumizwa moyo. Hakuwa na dawa wala sindano, ila viti viwili katika chumba nyuma ya kanisa.

"Anakupa nini huyo?" Gahongayire aliuliza Jumanne moja.

"Hanipi kitu, dada."

"Basi anakuambia nini?"

"Hasemi mengi. Ananiuliza leo nataka kuanzia wapi."

"Hata kinyozi anauliza hivyo."

Mukandekezi akacheka. Kicheko hicho kilimchoma Gahongayire, maana alijua hakikuanzia pale nyumbani.

"Umemwambia habari za mama?"

"Kidogo."

Hilo neno "kidogo" lilimkaa kooni. Alimwomba Mungu ampatie Jovia kazi nzuri zaidi, lakini mbali. Butare, kwa mfano. Siku nyingine, akiomba kwa bidii, alimfikisha Nairobi.

Mungu hakumhamisha Jovia, basi Gahongayire akaenda mwenyewe.

"Karibu, dada," Jovia alisema. "Kaa pale unapenda."

"Sikuja kukaa. Nataka kujua mdogo wangu alikuambia nini juu ya mama yetu."

"Hiyo siwezi. Ile maneno iko yake."

"Mama ni wetu sote."

"Ndiyo. Ni wenu wote."

Jovia akanyamaza, akamtazama tu, bila haraka. Gahongayire hakuzoea kimya cha namna hiyo. Akajikuta ameketi, tena anasema asichokipanga.

"Miaka yote alikuwa naye. Walilala kitanda kimoja. Mimi hata sauti ya mama siijui. Kimebaki kifo chake tu, na hicho nacho kakupa wewe, mtu wa Kampala."

Akaziba mdomo. Alijua wivu ni dhambi, akangoja kukemewa. Alipoona hakemewi, akaanza mwenyewe, "Ee Bwana, nisamehe..."

"Tutaomba," Jovia alisema kwa upole. "Mimi pia ninaomba. Lakini nimesikia wivu, na nimesikia unauma sana. Tukae nao kidogo kwanza."

Hakuna mtu aliyewahi kukaa na wivu wa Gahongayire, hata yeye mwenyewe. Alilia, na Jovia hakumnyamazisha wala hakumpa ushauri. Mwishoni waliomba pamoja, sala fupi. Gahongayire alitoka amekasirika kwamba hakuambiwa kitu, na kifua chake kimekuwa chepesi, jambo lililomzidishia hasira.

Nyumbani alimkuta Mukandekezi uani akichambua maharage. Akakaa kando yake.

"Nakuonea wivu," alisema.

"Mimi? Kwa lipi?"

"Ulikuwa na mama. Halafu unampa habari zake mtu wa nje, mimi nipo."

Mukandekezi aliendelea kutupa vijiwe pembeni. "Nilitaka kukuambia, dada. Lakini nikilia tu, wewe unaanza sala. Sala ikianza ninanyamaza. Nitamkatizaje Mungu?"

Gahongayire alisogea karibu zaidi.

"Niseme sasa?"

"Sema."

Mukandekezi akasema. Walikuwa wamejificha darini kwa jirani yao Bayingana. Mama alishuka kutafuta maji, asirudi. Alizikwa nyuma ya nyumba ileile, kwenye migomba.

"Na kila tulipokula," aliongeza, "alisema, sijui mwenzako amekula. Kila siku. Nilikuwa nikikuonea wivu mpaka chakula kinanikaa hapa."

Akaanza kulia. Mikono ya Gahongayire iliinuka yenyewe kuelekea kichwani pa mdogo wake. Akairudisha, akaikalia, akaomba moyoni bila sauti. Mukandekezi alilia mpaka akamaliza mwenyewe.

"Iko sehemu nyingine," alisema. "Hiyo bado. Nitamwambia Jovia kwanza."

"Kwanza?"

"Kwanza."

Iliuma palepale ilipokuwa ikiuma siku zote. Gahongayire alivuta ungo, akachukua konzi ya maharage.

"Basi mimi niwe wa pili."

Mukandekezi alijifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Wa pili ni wewe."