Kiwanja Kilicho Karibu na Kengele

Tangu asubuhi Léocadie alikuwa akipiga pasi sare ya shule ya mwanawe Bénédicte na kumsubiri Papa Cyprien. Nyumba ilikuwa ya Léocadie, ubao kwa ubao. Kiwanja kilikuwa cha Papa Cyprien, na mwezi ulikuwa unaisha leo. Alikuwa amemwomba jambo moja tu: amwachie kodi ya zamani miezi mitatu, mpaka mtoto afanye mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Léocadie alipofika mtaa huu wa Ndosho akikimbia vita vya Masisi, hakuna aliyetaka kupanga hapa. Shule ya ng'ambo ya barabara ilijaa wakimbizi. Yeye na mwanawe walilala humo wiki tano. Moshi, vyoo vimefurika, kelele usiku kucha. Siku hizo Papa Cyprien alimbembeleza yeyote mwenye mbao ajenge kwenye kiwanja chake. Kisha wakimbizi wakaondoka, wazazi wakaitwa salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, kila Jumamosi kujenga upya ukuta wa shule. Léocadie alibeba mawe ya volkano hadi nywele za utosini zikanyonyoka. Papa Cyprien alipita akiwasifu: "Mukaze, bamama! Masomo hii, shule hii, ni yetu sisi bote." Naye, maskini wa Mungu, akakaza.

Ukuta ulipokwisha, kodi ikapanda. Madarasa yalipopakwa rangi, ikapanda tena.

Saa sita Papa Cyprien alikuja na Landry, dalali wa mtaa, na mama mmoja mgeni aliyetafuta pa kukanyaga kati ya mawe.

"Papa, ile ombi yangu?" Léocadie aliuliza.

"Mama Béné, mimi sina roho mubaya. Lakini angalia pahali tuko. Batu banagombania hapa."

"Miezi tatu tu, papa. Kule mbali Kanyaruchinya, kwenye kodi ya chini, mutoto atafikaje masomo? Moto, pikipiki ya kumupeleka, tutalipa na nini?"

"Kule nako kuko masomo."

Wote wawili walijua hakuna shule ingempokea mtoto wa darasa la sita mwaka wa shule ukielekea mwisho.

Mgeni alikunja uso. "Kila dalali anasema ni karibu na masomo."

Landry alimwona Bénédicte kizingitini, akisubiri zamu ya mchana. "Basi uliza huyu mutoto."

"Mutoto, kengele unaisikia hapa?" mgeni akauliza.

Bénédicte alisimama wima kama darasani. "Ndiyo, mama. Hata nikiwa kitandani! Hata mwalimu wa darasa la kwanza, namusikia akisomesha."

Mgeni akacheka, akafungua mkoba. Papa Cyprien akampapasa mtoto kichwa. "Mutoto wa akili."

Léocadie alitamani kumzaba mwanawe kofi, kisha akaona aibu, maana yeye ndiye aliyemfundisha kusema kweli mbele ya wakubwa. Aliingia ndani, akatoka na nyundo.

"Achia huyu mama nyumba," Papa Cyprien alisema. "Tutapatana bei ya mbao."

"Kiwanja ni yako, papa. Mbao ni yangu."

Aling'oa ubao wa mlangoni. Misumari akainyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe, kwa sababu nayo aliinunua. Ng'ambo ya barabara kengele ikalia. Bénédicte akaruka kwa mazoea, akachukua daftari, akakimbia, na mama yake hakumwita.