Kizuizi Kabla ya Mwisho wa Ramani

Rigobert alishika pedi ya gemu kwa nguvu, utadhani ni usukani wa kweli. Kwenye kibanda cha gemu cha Zuhra, pembeni mwa soko la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wenzake walimzunguka hadi wakamnyima hewa. Lori lake kwenye kioo lilikuwa linaishiwa mafuta, na pale kibandani hakuna aliyewahi kufika mwisho wa ramani.

"Hii gemu haikuzuii popote mpaka mwisho kabisa; chochote njiani unakivunja tu," Zuhra alikuwa amemweleza. "Huko nje hawakuchora kitu. Ukivuka, kioo kinakuwa chekundu, na usipogeuka upesi unarudishwa ulikoanzia."

Sasa ukungu wa mwisho wa ramani ulishaanza kuonekana. Ghafla, mbele ya lori, kikatokea kizuizi: bomba la rangi nyekundu na nyeupe lililolazwa barabarani, kama lile la askari kwenye njia ya kutokea kambini. Rigobert akafunga breki.

"Kanyaga!" wenzake wakapiga kelele. "Mafuta hayo yanaisha!"

Akabonyeza batani hii, akabonyeza ile. Injini ikaanza kukohoa.

Zuhra, mtu wa Kasulu mjini anayekwenda atakako, uvumilivu ukamwishia. "Wewe, una wazimu? Hapo hakuna askari! Kivunje, upite!"

Rigobert, aliyezaliwa humo humo kambini, hakuondoa macho kwenye kioo.

"Dada Zuhra," akanong'ona, "batani ya kuonyesha kibali ni ipi?"