Mjane Asiyechapishwa

Uso wa Micah ulikuwa ukitoka kwenye mashine, nakala baada ya nakala, ukitabasamu kwa wino mbichi. Wangare alikuwa amefika kwenye duka la uchapaji mtaani Bondeni kuleta picha ya ujana wa mumewe, iongezwe kwenye programu ya mazishi ambayo shemeji yake, Ndegwa, alikuwa ameagiza. Akachukua nakala moja, akaisoma akiwa wima.

Wasifu ulisema marehemu alikuwa mume mpendwa wa Lynn na baba wa watoto wa Lynn. Wangare, mke wa kwanza, aliyeolewa na Micah angali mbeba mbao Elburgon, akamzalia na kumuuguza, hakutajwa hata kama jirani.

Hasira ikampanda kama maziwa jikoni. Kwao mtu huzikwa kwa udongo na kwa karatasi. Udongo huota nyasi; karatasi hutunzwa sandukuni, na siku ya kugawana shamba hutolewa kama shahidi asiyekufa.

Alimpigia Ndegwa. Shemeji akamweleza, bila haraka, kwamba familia ilikaa na kurasa zilikuwa chache. Akamsihi asilete aibu msibani.

"Mimi nimekuwa nani miaka yote hii?" Wangare akauliza.

Ndegwa akakohoa. Wangare akakata simu.

Akamtaka Zeddy, mwenye duka, asimamishe mashine. Binti huyo akajibu kwa upole kwamba kazi ilikuwa ya Ndegwa, hakuwa na ruhusa ya kuigusa.

"Basi nichapie yangu."

Zeddy akaketi kwenye kompyuta, akaandika alivyoelekezwa: ndoa ya kwanza, kisha watoto wa Wangare kwa majina yao. Alipofika kwa Lynn, vidole vikasita.

"Mathe, huyu nimtoe?"

Wangare alilikodolea jina lile macho. Kila mshipa wake ulitaka lifutwe. Ingekuwa kazi ya kidole kimoja tu. Ndipo akatambua kwamba hata yeye alikuwa amefutwa vivyo hivyo, kwa kidole kimoja, na mtu aliyekunywa chai akaendelea na siku yake. Hasira haikupoa, iligeuza uso tu, ikamtafuta aliyeistahili hasa.

"Mwache, na watoto wake wote," akasema. "Mimi sifuti mtu."

Kesho yake, siku ya mazishi, katika baridi ya milima ya Mau, alisimama langoni pa boma la marehemu akigawa programu zake kwa mkono wake. Ndegwa alimjia mbio, akamwita mwendawazimu kwa sauti ya chini, lakini waombolezaji walikuwa wamekwisha kuzifungua. Wangare akampa na yeye moja.

"Soma. Hata wewe umo."

Chini ya hema, Lynn alikuwa akisoma, midomo ikichezacheza, kidole kikishuka kutoka kwa watoto wa Wangare hadi kwa wake. Aliinua kichwa, akamtazama mke mwenzake bila kutabasamu. Wangare naye hakutabasamu. Ndegwa akaenda kumwinamia Lynn, akamnong'oneza sikioni, akanyoosha mkono kuichukua ile karatasi.

Lynn hakuiachilia.