Kimya cha Bwana Zschoppe

Leberecht Zschoppe alipohamia Milwaukee kutoka Saksonia alikuja na makoti mawili na majivuno ya kujaza meli. Alivyoyasifu ya kwao, tulijiuliza kwa nini aliyaacha. Sisi wachinjaji na mafundi mapipa wa kwaya ya Wajerumani aliyoiongoza alituita koo za bia. Lakini ni koo hizo hizo alizozitegemea: tukiimba vizuri kwenye tamasha la kiangazi, angepewa kuongoza kwaya zote za jimbo. Tukiharibu, angebaki na sisi.

Akatunga wimbo wa kuusifu Mto Elbe wa kwao, mrefu kama mahubiri ya Kwaresima. Katikati aliweka kimya kirefu, kisha wote tuingie kwa pamoja kwa nguvu. Hakuna mtunzi Marekani, alisema, mwenye kichwa cha kukiwaza kimya kile. Alikiongoza mikono juu, macho ameyafumba, eti nyuso zetu zinamtia kichefuchefu. Kila Alhamisi mazoezini tuliingia sawasawa, na sifa akazichukua yeye.

Siku ya tamasha akakuta vikombe vya bia chini ya viti vyetu. Akaviondoa vyote. Knoll, fundi mapipa, mwimbaji wa besi kama mimi, akamsihi.

"Mwalimu, tuachie. Bila bia pale kwenye kimya..."

"Nyie bila bia hata kanisani hamwendi. Leo mtaimba kama watu."

Knoll akarudi mstarini. Mwenye macho haambiwi tazama, ila aliyeyafumba utamwambia nini?

Kimya kikafika. Siku zote tulikipima kwa funda moja refu la bia: ukishameza, unaingia. Sasa tukameza mate, na mate hayana kipimo. Knoll akaingia peke yake kama ng'ombe aliyepotea zizi, mimi nikamfuata, sauti ya kwanza wakaja baadaye kwa mafungu. Ukumbi ukacheka. Wateuzi waliokuja kumpima wakainuka kwenda kula soseji. Nilifurahi, sitaficha.

Nyuma ya jukwaa Knoll akamweleza habari ya funda.

"Kila Alhamisi?" Zschoppe akauliza.

"Kila Alhamisi, Mwalimu. Ungefumbua macho ungetuona."

Alhamisi iliyofuata akarudi, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Akaagiza kikombe chake cha bia bila kutuangalia. Wimbo ulipofika kwenye kimya, akanywa pamoja nasi, macho wazi. Tukaingia wote sawasawa, isipokuwa yeye, aliyepaliwa. Hata kunywa bia huko Saksonia hawakumfunza.